Ifahamu namba ya kanda kabla ya kununua deki ya DVD

ARUSHA: Mkazi wa Kaloleni jijini Arusha anaweza kutumiwa DVD halisi na ndugu yake aishiye Marekani, akaiweka kwenye deki iliyo nzima kabisa, na deki hiyo ikakataa kuionesha. Diski haina mkwaruzo, deki haina hitilafu na umeme upo. Kinachozuia ni namba moja tu iliyoandikwa ndani ya diski, ambayo mnunuzi wa kawaida haioni wala haelezwi dukani. Hiyo ndiyo namba ya kanda.

Kutokana na kutoijua namba hiyo, wapo wanaotupa diski nzuri kwa kudhani ni mbovu, wapo wanaompelekea fundi deki isiyo na ubovu, na wapo wanaonunua deki ya pili ambayo nayo hukataa kwa sababu ileile. Makala haya yanaeleza namba ya kanda ni nini, deki inayosoma diski za kanda zote inatambulikaje, ijaribiwe vipi kabla ya fedha kutolewa, na sheria za nchi zinamlinda vipi mnunuzi aliyeuziwa kitu kisicholingana na maelezo ya muuzaji.

Ieleweke mapema kwamba neno kanda katika makala haya lina maana ya eneo la dunia. Halihusu kanda za video za kaseti zilizotumika kabla ya DVD, ambazo hazikuwa na namba hizo.

Kwa nini jambo hili linaihusu Arusha

Arusha ni mji unaopokea watu kutoka pande nyingi za dunia. Ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulisainiwa jijini humo tarehe 30 Novemba 1999. Ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na hadi tarehe 31 Desemba 2015 palikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda. Aidha, ni lango la watalii waendao Serengeti, Ngorongoro, Tarangire na Hifadhi ya Taifa ya Arusha chini ya Mlima Meru.

Wageni wa namna hiyo huja na vitu vyao na wengine huviacha wanapoondoka. Wakazi wa Arusha nao wana ndugu Ulaya, Marekani, Ghuba na Afrika Kusini, ambao hutuma au kuleta zawadi. Kwa njia hizo, nyumba moja ya Kaloleni inaweza kuwa na DVD iliyonunuliwa Chicago, nyingine London, nyingine Dubai na nyingine Mumbai. Kwa macho, diski hizo zote zinafanana. Kwa deki, zinaweza kuwa ni diski za kanda tatu tofauti.

Mfano ulio karibu zaidi ni filamu ya *Hatari!* iliyoongozwa na Howard Hawks na kuoneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Filamu hiyo, ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa John Wayne, ilipigwa kaskazini mwa Tanganyika, ikiwamo Momella chini ya Mlima Meru, na jina lake ni neno la Kiswahili. Hata hivyo, DVD ya filamu hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani haiwezi kuonekana kwenye deki iliyofungwa kwa kanda ya Tanzania. Mtu anaweza kuishi mwendo mfupi tu kutoka mahali filamu ilipopigwa, akawa na nakala halali mkononi, na bado asiweze kuitazama.

Asili ya namba za kanda

DVD ziliingia sokoni nchini Japani mwezi Novemba 1996, na Marekani mwaka 1997. Wakati huo filamu ilikuwa ikioneshwa kwanza katika kumbi za sinema za Marekani, kisha ikafika nchi nyingine baada ya miezi kadhaa. Kampuni zenye filamu zilihofia kwamba DVD ikitoka Marekani ingesafirishwa na kutazamwa nyumbani katika nchi ambako filamu haijafika bado kwenye kumbi. Vilevile, zilitaka kuuza filamu ileile kwa bei tofauti katika masoko tofauti.

Kwa sababu hizo, dunia iligawanywa katika kanda, na watengenezaji wa deki wakakubali kwamba kila deki ipewe namba ya mahali itakapouzwa. Diski yenye namba moja ikikutana na deki yenye namba nyingine, deki hukataa. Mgawanyo wenyewe ni huu:

Kanda ya 1 ni Marekani na Kanada.

Kanda ya 2 ni sehemu kubwa ya Ulaya, Japani, nchi za Mashariki ya Kati zikiwamo za Ghuba, Misri, Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini.

Kanda ya 3 ni Asia ya Kusini-Mashariki, Korea Kusini, Taiwan na Hong Kong.

Kanda ya 4 ni Australia, New Zealand, Mexico, na nchi za Amerika ya Kati na Kusini.

Kanda ya 5 ni sehemu kubwa ya Afrika ikiwamo Tanzania, pamoja na India, Pakistan na Urusi.

Kanda ya 6 ni China.

Namba 7 iliwekwa akiba, na namba 8 ni kwa matumizi ya ndege na meli za kimataifa.

Katika orodha hiyo kuna mambo mawili yanayowashangaza wengi. La kwanza ni kwamba Afrika Kusini haipo kanda moja na Tanzania. DVD iliyonunuliwa Johannesburg yenye namba 2 inaweza kukataliwa na deki ya Arusha, ingawa zote mbili zimetoka Afrika. La pili ni kwamba Dubai na Muscat zipo kanda ya 2, wakati Mumbai ipo kanda ya 5. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeleta DVD kutoka Ghuba na yule anayezileta kutoka India hawaleti bidhaa ileile, hata kama filamu ni moja.

Ni muhimu pia kufahamu kwamba mgawanyo huu ni mpango wa kibiashara wa kampuni zenye filamu na watengenezaji wa mashine. Namba ya kanda haitolewi na Serikali wala si alama ya ubora, na deki inayosoma kanda zote si kifaa cha hali ya chini wala cha hali ya juu kwa sababu hiyo peke yake.

Namna ya kusoma alama

Namba ya kanda huandikwa ndani ya mchoro mdogo wa tufe la dunia. Kwenye DVD, mchoro huo hupatikana nyuma ya kasha, kwa kawaida karibu na muda wa filamu na lugha zilizomo. Kwenye deki, hupatikana nyuma ya mashine au chini yake, karibu na maelezo ya umeme, na mara nyingine kwenye boksi.

Diski nyingine huwa na namba zaidi ya moja, kwa mfano 2 na 5, maana yake inasomwa na deki za kanda zote mbili. Nyingine huandikwa ALL au 0. Diski za aina hiyo hazina kizuizi na husomwa na deki yoyote. Deki yenye tufe lililoandikwa ALL nayo imekusudiwa kusoma diski za kanda zote.

Diski zinazorekodiwa na wapiga picha wa harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali na misiba kwa kawaida hazina namba ya kanda. Hali kadhalika, diski za VCD, ambazo zilitumika sana nchini kusambazia filamu na nyimbo za wasanii wa Tanzania, hazikuwekewa utaratibu huo. Diski ya harusi ikikataa, kununua deki ya kanda zote hakutasaidia kitu, kwa kuwa sababu yake ni nyingine.

Kanda si kizuizi pekee

Mnunuzi anayetafuta deki inayosoma diski za nchi zote anapaswa kuhakikisha mambo mengine matatu, kwa sababu deki inaweza kuwa huru kwa upande wa kanda na bado isimfae.

Jambo la kwanza ni mfumo wa picha. Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika na Ulaya, ilifuata mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani zilifuata NTSC, wenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. DVD ya NTSC ikichezwa kwenye deki isiyobadili mfumo na runinga ya zamani ya PAL, sauti husikika vizuri lakini picha hutoka bila rangi au hupanda na kushuka. Deki nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za PAL husoma pia NTSC, lakini nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisomi PAL. Deki ifaayo ni ile iliyoandikwa kwamba inakubali mifumo yote miwili.

Runinga bapa za kisasa kwa kawaida hupokea mifumo yote, hasa deki inapounganishwa kwa waya wa HDMI. Hata hivyo, king'amuzi hakihusiki na suala hili. Kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kulihusu matangazo ya runinga yanayopokelewa hewani. DVD haipiti kwenye king'amuzi na haibadilishwi nacho.

Jambo la pili ni umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60, na wa Japani ni wa volti 100. Deki iliyoletwa kutoka huko, ikiwa imeandikwa volti 100 au 120 peke yake, inaweza kuungua pindi inapochomekwa ukutani. Deki iliyoandikwa 100–240 haina tatizo na huhitaji kubadilishiwa plagi tu. Kwa ile ya volti 120 peke yake, itahitajika transfoma ya kushusha umeme. Deki hutumia umeme kidogo, hivyo transfoma ndogo hutosha, lakini gharama yake iongezwe kwenye bei kabla ya kuamua kwamba deki hiyo ni rahisi.

Kwa sababu hiyo, deki iliyotumika ambayo ndugu anakusudia kuituma kutoka Marekani huweza kuwa na vizuizi vitatu kwa pamoja: kanda ya 1, mfumo wa NTSC peke yake, na volti 120. Ni heri ndugu huyo akaombwa kusoma maandishi ya nyuma ya deki kabla ya kulipia usafirishaji.

Jambo la tatu ni aina ya diski. Diski za kurekodia zipo za DVD-R, DVD+R na za kufutika zenye herufi RW. Deki za zamani huweza kusoma aina moja na kukataa nyingine. Aidha, diski iliyorekodiwa lakini haikufungwa rasmi mwishoni mwa kurekodi husomeka kwenye mashine iliyoirekodi peke yake. Tatizo hilo hutatuliwa na aliyeirekodi, kwa kuirudisha kwenye mashine yake na kuifunga.

Dalili na sababu zake

Kwa kutazama dalili, mwananchi anaweza kujua kiini cha tatizo kabla ya kwenda kwa fundi.

Endapo deki inaitambua diski lakini inaonesha ujumbe kwamba kanda si sahihi, au inaonesha tufe na namba, tatizo ni kanda. Endapo sauti ipo na picha ipo lakini rangi haipo au picha inatembea, tatizo ni mfumo wa PAL na NTSC. Endapo deki inasema hakuna diski, yawezekana diski ni ya aina isiyosomwa, haikufungwa, ni chafu, imekwaruzika, au lenzi ya deki imechoka. Endapo deki inakataa diski zote, zikiwamo ilizokuwa ikizisoma jana, basi ni deki yenyewe.

Katika hali ya mwisho, kubadilisha kanda hakutaleta nafuu yoyote, na mwananchi hapaswi kulipia kazi hiyo.

Deki zinazosoma kanda zote

Deki za namna hii zipo za aina tatu. Ya kwanza ni ile iliyotoka kiwandani bila kufungwa, ambayo huandikwa ALL au 0. Deki nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa China kwa ajili ya masoko mbalimbali zimekuwa za aina hii. Ya pili ni ile iliyofungwa kwa kanda moja lakini ina ukurasa wa mipangilio uliofichwa, unaofunguliwa kwa kubonyeza namba fulani kwenye rimoti. Namba hizo hutofautiana kwa kila modeli, na si kila modeli inayo. Ya tatu ni ile iliyofunguliwa na fundi kwa kubadilisha programu yake ya ndani au kuongeza kifaa.

Kwa mnunuzi wa kawaida, aina ya kwanza ndiyo salama zaidi, kwa kuwa haihitaji kuguswa na waranti yake haiathiriki. Aina ya tatu inaweza kufuta waranti ya mtengenezaji, hivyo ni vyema fundi au muuzaji aeleze hilo wazi kabla ya kazi.

Lipo jambo moja zaidi. Kuanzia mwaka 2000, baadhi ya DVD za kanda ya 1 ziliwekewa kinga ya ziada inayoitambua deki ya kanda zote na kuikataa. Deki iliyowekwa 0 moja kwa moja hukwama kwenye diski hizo, lakini deki inayomruhusu mtumiaji kuchagua namba 1 mwenyewe huzisoma. Kwa hiyo, anayekusudia kutazama hasa diski za Marekani aulize kama deki inaruhusu kuchagua kanda kwa mkono, mbali na kuandikwa ALL.

Kompyuta, mashine za michezo na Blu-ray

Kompyuta yenye sehemu ya DVD nayo ina namba ya kanda. Sehemu za DVD za kompyuta zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2000 humruhusu mtumiaji kubadilisha kanda mara 5 tu. Baada ya mara ya tano, hubaki kwenye kanda ya mwisho iliyochaguliwa, hata kompyuta ikifutwa na kuwekwa mfumo upya. Mwenye kompyuta anayebadilisha namba kila anapopata diski mpya huzimaliza nafasi hizo bila kujua.

Mashine za michezo zinazotumiwa na vijana wengi pia hufuata kanda ya nchi zilikotoka pale zinapochezea DVD za filamu. Mashine inaweza kukubali diski za michezo kutoka nchi yoyote na bado ikakataa DVD ya filamu.

Blu-ray zina mgawanyo wake wa herufi. A ni Amerika, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni China, Urusi, India na sehemu nyingine za Asia. Tanzania ipo B. Mashine ya Blu-ray inaweza kuwa huru kwa DVD na ikawa imefungwa kwa Blu-ray, hivyo kila upande uulizwe peke yake. Diski za 4K hazina mgawanyo wa kanda.

Kuijaribu deki dukani

Njia ya uhakika kuliko maandishi yote ni kuijaribu deki kabla ya kulipa. Mnunuzi anashauriwa kwenda dukani na diski zake mwenyewe: ile iliyokataa nyumbani, moja ya shughuli ya familia, na nyingine ya zamani anayoitumia mara kwa mara. Kama anazo diski za kanda mbili au tatu, achukue moja ya kila kanda.

Deki iunganishwe na runinga, na diski iliyokataa iwekwe kwanza. Kufunguka kwa ukurasa wa mwanzo hakutoshi. Filamu yenyewe ianze, rangi na sauti vitazamwe, kisha filamu irukishwe hadi katikati na karibu na mwisho. DVD nyingi za filamu ndefu zina tabaka mbili, na deki dhaifu husimama inapohama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Baada ya hapo zijaribiwe diski nyingine, na mwisho nyuma ya deki isomwe volti.

Jaribio hilo halichukui muda mrefu. Muuzaji mwenye uhakika na bidhaa yake hana sababu ya kulikataa.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Mnunuzi hana ulazima wa kuwa mtaalamu ili alindwe. Kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi anapomweleza muuzaji shabaha anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa hiyo, bidhaa inapaswa kufaa kwa shabaha hiyo. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya kusema "naomba deki" na kusema "naomba deki itakayosoma DVD za Marekani na za Uingereza." Maneno ya pili yanampa mnunuzi msingi wa kudai endapo deki itashindwa. Anayetaja chapa au modeli fulani kwa jina na kuichagua mwenyewe huweza kuupoteza msingi huo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Kuiuza deki iliyofungwa kwa kanda moja kwa kudai kwamba inasoma kanda zote ni maelezo ya aina hiyo. Malalamiko ya walaji pamoja na taarifa za bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC), na masuala ya viwango hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Ushahidi wa kwanza katika malalamiko yoyote ni risiti. Muuzaji anapaswa kutoa risiti ya mashine ya EFD na mnunuzi ana wajibu wa kuidai. Inashauriwa pia muuzaji aandike kwenye waranti au kwenye karatasi yenye muhuri wa duka modeli ya deki, neno "kanda zote", na muda wa kuirejesha endapo itashindwa. Mstari huo mmoja huzuia mabishano mengi.

Diski halali na diski zisizo halali

Deki inayosoma kanda zote haibadilishi uhalali wa diski inayowekwa ndani yake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii, na kunakili filamu kwa ajili ya kuuza bila idhini ya mwenye haki ni kosa, iwe diski ni ya kanda ya 1 au ya 5. Masuala hayo husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Aidha, tangu mwaka 2013 bidhaa za filamu na muziki zinazouzwa nchini ziliwekewa utaratibu wa stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambazo humsaidia mnunuzi kutofautisha nakala halali na ya kughushi.

Vilevile, kununua DVD ni kununua haki ya kuitazama nyumbani. Mwenye kibanda cha kuoneshea video anayetoza kiingilio anahusika na masharti ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania, pamoja na idhini ya wenye hakimiliki.

Diski nyingi zisizo halali hazina namba ya kanda, na kwa hiyo huchezwa na deki yoyote. Hali hiyo imewafanya baadhi ya watu waamini kwamba nakala halali ina kasoro na ya kughushi ni bora. Ukweli ni kwamba nakala halali imefungwa kwa soko lake, na deki ifaayo huifungua bila kumnyima msanii jasho lake.

Kumbukumbu za familia

Kwa familia nyingi, kilicho na thamani zaidi kwenye kabati la DVD si filamu za kigeni. Ni harusi ya wazazi, sauti ya babu aliyekwisha kufariki, au mahafali ya mtoto aliyesoma ng'ambo. Diski za kurekodia huchoka hata zikitunzwa, na zikishachoka hakuna deki itakayozisoma. Mashine za DVD nazo zinazidi kupungua madukani kadiri watu wanavyohamia kwenye simu na intaneti.

Kwa hiyo, familia iliyopata deki inayosoma diski zake zote inashauriwa kuanza na zile zisizoweza kununuliwa tena. Kumbukumbu za familia zihamishiwe kwenye flashi au diski ngumu mapema, zikiwa bado zinasomeka, na nakala moja ihifadhiwe kwa ndugu mwingine.

Kwa ujumla, mnunuzi wa deki anapaswa kukumbuka mambo manne: kulisoma tufe nyuma ya kasha na nyuma ya deki, kuhakikisha PAL, NTSC na volti 230, kuijaribu deki kwa diski zake mwenyewe, na kuondoka dukani akiwa na risiti na maandishi ya muuzaji.